Maji ya simtanki na klorini dayoksaidi: pima kwanza, tia baadaye

Swali ni lile lile kila wiki, linabadilisha mdomo tu: "Fundi, tanki langu ni la lita elfu mbili, niweke vidonge vingapi?" Leo anauliza mama wa Goba anayenunua maji ya boza, kesho kijana wa Mbagala mwenye kisima uani, keshokutwa msimamizi wa ghorofa Upanga. Wote wanataka namba moja waondoke nayo. Namba hiyo haimo kwenye pakiti. Imo ndani ya maji yako, na huipati mpaka upime.

Boza la Jumatatu na la Ijumaa linaweza kuletwa na dereva yuleyule, maji yakawa tofauti kabisa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima. Kutia dawa kwenyewe ni kazi ya dakika kumi.

Naongea na mwenye tanki la nyumbani, lita 500 hadi 5,000. Kama shida yako ni ndoo moja ya kunywa, usijitie gharama: chemsha, au tumia klorini ya kawaida ya maji ya kunywa kutoka duka la dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, basi. Kuna pia vidonge vidogo vya dayoksaidi vya wasafiri, kidonge kimoja kwa lita moja. Hivyo navyo fuata pakiti yake, hasa muda wa kusubiri, ambao kwa maji machafu na ya baridi unaweza kufika saa nne.

Ni kitu gani hasa

Jina lina klorini ndani yake, tabia ni nyingine. Klorini dayoksaidi ni gesi ya rangi ya njano-kijani inayoyeyuka kwenye maji bila kubadilika. Haijali sana pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji): klorini ya kawaida huanza kuchoka pH ikipita 8, hii inaendelea kufanya kazi. Haipatani wala haigombani na amonia, jambo zuri kwa visima vyetu vilivyobanana na vyoo vya shimo. Udhaifu wake ni jua na hewa. Maji ukiyaacha wazi juani au ukiyamimina kutoka juu, dawa inaruka.

Ikishafanya kazi huacha kitu kiitwacho kloraiti. Asilimia 50 hadi 70 hivi ya dawa iliyotumika huishia huko. Sasa shika namba mbili: Marekani imeweka kikomo cha dayoksaidi inayobaki kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.8 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka kloraiti 0.7. Piga hesabu utaona kwa nini mimi sitii zaidi ya miligramu 1 kwa lita, hata mteja akinuna. Na sitii mara mbili kwenye maji yaleyale.

La mwisho kabla ya kazi. Kuna watu wanauza kemikali hii kama dawa ya kunywa ya kutibu malaria, saratani na kila kitu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu unywaji huo mwaka 2010 na tena 2019, watu wamekuwa wakitapika, kuharisha na kuishiwa maji mwilini. Tunachotibu hapa ni maji, mtu mgonjwa apelekwe hospitali.

Andaa hivi kabla ya kufungua pakiti

- Vidonge vya klorini dayoksaidi vya kutengenezea myeyusho, ambavyo lebo inasema wazi ni vya maji ya kunywa, ina tarehe ya mwisho, na inasema kidonge kinatoa miligramu ngapi. Lebo isiyosema hilo la mwisho, rudisha pakiti dukani.
- Kipimo cha DPD (kemikali inayogeuka pinki ikikuta dawa) chenye vidonge vya DPD namba 1 na vya glaisini. Wauzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea wanacho, ila wengi hawakupi glaisini mpaka uitaje.
- Bomba la sindano la mililita 20, jipya, bila sindano yake. Duka lolote la dawa.
- Ndoo nne za lita 20 zenye mifuniko, safi, zisizowahi kubeba rangi wala sabuni.
- Maji ya betri lita mbili. Nasema maji ya betri, yale baridi ya kuongezea. Yale makali ni asidi, muuzaji akikosea na wewe ukakosea tumekwisha.
- Chupa ya plastiki ya lita 1 na dumu safi lenye kifuniko kwa ajili ya myeyusho, glavu, miwani ya kukinga macho, saa, daftari.

Usitengeneze dayoksaidi mwenyewe kwa kuchanganya sodiamu kloraiti na asidi, hata kama video imekuonyesha ni rahisi. Gesi hiyo inachoma mapafu, na ikizidi asilimia 10 kwenye hewa inaweza kulipuka. Vidonge vipo kwa sababu hiyo. Na usivikutanishe na jiki, klorini ya bwawa wala siki.

Namna ya kusoma kipimo

Nimeitanguliza kwa sababu utairudia mara kumi leo.

Suuza kichupa mara tatu kwa maji unayopima. Jaza mpaka alama ya mililita 10. Weka kidonge cha glaisini, kiponde kwa kijiti chake, kiyeyuke. Kisha DPD namba 1, kiponde, funga, pindua taratibu. Pinki ikitokea, linganisha na rangi za kwenye kipimo ndani ya dakika moja. Soma kivulini ukiwa umeipa jua mgongo, usisome chini ya taa ya njano ya jikoni.

Glaisini ya nini? Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanatoka Ruvu yakiwa na klorini ya kawaida, na DPD haichagui: ikiona klorini au dayoksaidi, inageuka pinki. Glaisini inaifunga ile klorini ili pinki utakayoiona iwe ya dayoksaidi peke yake. Ukiiruka unaweza kusifia dawa ambayo hata haimo.

Vipimo vingi vimeandikwa kwa namba za klorini. Kama chako hakisemi "klorini dayoksaidi" kwenye skeli, zidisha ulichosoma kwa 1.9. Ukisoma 0.2, una dayoksaidi 0.38. Hapa ndipo watu wengi wanaangukia: wanasoma 0.5, wanaona bado, wanaongeza, kumbe wako kwenye 0.95 na wameshavuka kikomo.

Usiguse vidonge kwa vidole. Jasho la Dar linatosha kuharibu jibu.

Kazi yenyewe

1. Osha tanki. Toa maji, ingia au tumia brashi ndefu, sugua ule utelezi wa ukutani na tope la chini, suuza, mwaga. Anayeingia ndani asiwe peke yake na kifuniko kibaki wazi. Dawa ikikuta tope la miezi minane itaisha kwenye tope.

2. Yaangalie maji mapya. Jaza chupa angavu ya lita moja na nusu, iweke juu ya gazeti, tazama kwa juu. Kama maandishi ya habari hayasomeki, maji hayako tayari. Yaache yatulie usiku kucha, au tumia shabu, kisha chuja. Kama ni kisima na maji yanatoka meupe halafu baada ya saa chache yanageuka rangi ya chai, hiyo ni chuma. Kila miligramu 1 ya chuma inameza takriban miligramu 1.2 za dayoksaidi, yaani dozi yako yote inaliwa kabla haijamgusa mdudu hata mmoja. Maji hayo yapitishe kwanza kwenye hewa, yadondoke kutoka juu kwenda tanki la chini, kutu itue, uchukue ya juu. Maji ya chumvi ya kisima yatabaki ya chumvi. Dawa hii haigusi chumvi, wala naitreti.

3. Tengeneza myeyusho. Nje, kwenye upepo, kivulini. Maji kwanza, kidonge baadaye, kila mara. Vidonge ninavyotumia mimi, kimoja ndani ya lita 1 kinatoa miligramu 500 kwa lita, na hesabu zote hapa chini nimezifanya kwa nguvu hiyo. Chako kikitofautiana badilisha namba. Funga dumu bila kukaza mpaka kidonge kiishe, subiri muda wa lebo. Maji yatakuwa ya njano kama juisi ya nanasi iliyoongezwa maji. Usiinamie kunusa. Myeyusho huu ni wa leo, usiuwekee akiba ya wiki ijayo.

4. Pima nguvu yake. Hatua hii watu wanairuka, halafu wananipigia simu. Vuta mililita 1 ya myeyusho, ichomeke ndani ya lita 1 ya maji ya betri, zungusha polepole. Sasa lazima kuwe na 0.5 kwa lita. Kipimo cha skeli ya klorini kitasoma karibu 0.25. Kikisoma 0.1, vidonge vyako vimekufa, pengine vilikaa dukani juani huko Kariakoo. Usivifidie kwa kuongeza, nunua vingine.

5. Jaribio la ndoo nne. Hapa ndipo penye namba yako. Jaza ndoo nne, lita 20 kila moja, kwa maji yaleyale yatakayoingia kwenye tanki. Kwa bomba la sindano, ncha ikiwa chini ya uso wa maji, weka:

- ndoo ya kwanza mililita 16 (sawa na 0.4 kwa lita)
- ya pili 24 (0.6)
- ya tatu 32 (0.8)
- ya nne 40 (1.0)

Koroga mara tatu nne kwa upole, funika, weka kivulini, dakika 30. Kisha pima zote. Unatafuta ndoo iliyobakiwa na dayoksaidi kati ya 0.2 na 0.4. Ikiwa zimefika mbili, chukua yenye dozi ndogo.

Mfano wa kweli, kisima cha Tabata, maji masafi kwa macho. Ndoo ya kwanza: hakuna rangi kabisa. Ya pili: pinki ya kubahatisha, ile unayomwita na jirani aje athibitishe. Ya tatu: 0.15 kwenye skeli, mara 1.9, karibu 0.3. Ya nne: karibu 0.5. Tulichukua ya tatu. Mwenye nyumba alikuwa ametumia dozi ya ndoo ya kwanza kwa mwaka mzima, kwa sababu ndivyo alivyofanya shemeji yake Kimara.

Kama hata ndoo ya nne imebaki sifuri, simama hapo. Maji yana chuma, tope au uchafu mwingi. Rudi hatua ya 2. Usitengeneze ndoo ya tano.

6. Hesabu ya tanki. Dozi mara lita za maji, gawa kwa nguvu ya myeyusho. Kwa kile kisima: 0.8 × 2,000 = miligramu 1,600; gawa kwa 500 unapata lita 3.2 za myeyusho. Hesabu maji yaliyomo kweli. Tanki la lita 2,000 lenye maji nusu ni lita 1,000, na kosa hili peke yake linaongeza dozi mara mbili.

7. Tia. Fanya jioni au asubuhi mapema. Pampu izimwe, koki za ndani zifungwe. Jaza maji mpaka theluthi, mimina myeyusho kupitia mpira unaofika chini ya maji, kisha endelea kujaza huku mpira wa kujazia nao umezama. Ukiyaacha maji yadondoke kutoka juu, utasikia harufu kali ukidhani dawa inafanya kazi, kumbe ndiyo inaondoka. Funga kifuniko. Tanki liwe jeusi au la rangi nzito. Lile jeupe linalopitisha mwanga litakula dawa yako kabla ya saa sita mchana.

8. Subiri saa nzima. Kwenye ndoo tulisubiri nusu saa, lakini tanki halijakorogeka kama ndoo. Lipe saa.

9. Pima bombani. Koki ya mbali kuliko zote, kwa kawaida ya choo cha nje au jiko la mpangaji wa mwisho. Fungua dakika mbili maji ya zamani yatoke, kisha chukua sampuli. Ukipata dayoksaidi 0.2 hadi 0.4, umemaliza, watu wanywe. Ikiwa juu ya 0.8, hakuna anayekunywa, na watoto wachanga ndio wa kuwalinda kwanza. Acha kifuniko wazi usiku mmoja, pima tena asubuhi. Kituo chochote chenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kisitumie maji haya bila mtaalamu wake kujua.

10. Andika. Tarehe, maji ya wapi, dozi, ulichosoma, koki gani. Daftari la wenzetu wa Sinza lilionyesha kwamba kila mvua za masika dozi inapanda, tukajua mfuniko wa kisima una ufa. Bila daftari tungekuwa bado tunalaumu vidonge.

Rudia kupima kila siku ya pili au ya tatu. Maji mapya yakiingia, hayo ni maji mengine. Wakati wa mgao wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, nyumba zilikuwa zinachanganya maji ya bomba, boza na mvua kwenye tanki moja, na hakuna dozi ya jana iliyofaa leo.

Mambo yakienda kombo

*Pinki iliwaka halafu ikapotea, kichupa kikawa cheupe.* Hili lilinikuta mimi. Miaka ya mwanzo, ghorofa moja, mlinzi alishaweka dawa asubuhi bila kuniambia. Nikapima, nikaona cheupe, nikaandika sifuri, nikaongeza dozi. Ile pinki ya sekunde moja niliiona na nikaipuuza. Dawa ikizidi sana inaichoma rangi ya DPD yenyewe. Nilijua nilipofungua kifuniko macho yakaanza kutoka machozi. Tulimwaga lita 3,000 mfereji ukiangalia, na maji hayo niliyalipa mimi. Ukiona mwako wa hivyo, chukua mililita 1 ya sampuli, ongeza maji ya betri mpaka 10, pima upya, zidisha jibu kwa 10.

*Tankini nasoma 0.3, bombani sifuri.* Mabomba yana utelezi ndani. Fungua koki zote mpaka maji ya tanki yafike kila moja, funga, acha saa moja, pima tena. Ikibaki sifuri kwa siku tatu, mabomba yanahitaji kuoshwa kwa klorini ya kawaida na fundi, watu wakiwa hawatumii maji.

*Maji yamegeuka ya kahawia baada ya dawa.* Chuma, au manganizi ikiwa rangi inaelekea weusi. Dawa imeitoa mafichoni. Acha itue, chuja. Usifue nguo nyeupe siku hiyo.

*Rangi inazidi kukolea nikiiangalia.* Umechelewa kusoma. Jibu ni lile la dakika ya kwanza.

*Vijiti vya karatasi vinatoa namba tofauti na DPD.* Amini DPD. Vijiti navitumia kwa kuchungulia tu, na pakiti ikishafunguliwa msimu wa unyevunyevu havichelewi kuharibika. Yale matone ya bwawa yanayogeuka njano usiyatumie kabisa kwa kazi hii.

*Muuzaji amesema hakuna haja ya kupima kloraiti.* Ukibaki chini ya miligramu 1 na huongezi mara mbili, huna sababu ya kupima kila wiki. Lakini kama ni nyumba ya wapangaji wengi, shule au mgahawa, peleka sampuli kwenye maabara ya maji angalau unapoanza, waombe kloraiti na vijidudu vya kinyesi kwa pamoja. Chupa ya vijidudu chukua kwao, imeshaandaliwa. Ile ya soda uliyoisuuza nyumbani wataikataa.

*Maji yana harufu kali kwenye bafu la maji moto tu.* Moto unaitoa gesi kwenye maji. Pima koki ya maji baridi; ikiwa chini ya 0.4, fungua dirisha la bafu.